Wanga juu ya wanga, na wewe umetoka kula pilau ya mbatata

Kila picha ya mkate uliojazwa chipsi inapozunguka kwenye simu, hakosekani wa kusema "jamani, wanga juu ya wanga!" Ukimfuatilia msemaji, mchana kala pilau yenye mbatata, na jioni yuko Forodhani na bakuli la urojo: mbatata za kuchemsha, bhajia, kachori za mbatata hizohizo, na juu yake zimenyunyizwa chipsi za muhogo. Wanga ghorofa nne. Hapo hakuona kitu. Ila akimwona mtu wa Pittsburgh, Marekani, kapachika chipsi katikati ya vipande viwili vya mkate, ghafla keshakuwa daktari wa lishe. Nyani haoni kundule.

Anayesema chakula hicho ni kizito sina ugomvi naye. Ni kizito, na kama kazi yako ni ya kukaa kwenye kiti usikile kila siku. Haya, nimekubali, tuendelee.

Kinachoudhi zaidi ni wanaokiiga vibaya kisha wakakilaumu. Utaukuta mgahawa wa mjini, uwe Dar au Nairobi, unauza sandwichi ya chipsi: chipsi nyembamba za pakiti, slesi zimebanikwa mpaka zinakwaruza kaakaa, mayonezi ya kumwaga, na vyote vimeviringishwa foili. Mteja akifungua baada ya dakika kumi anakuta slesi zimelowa na chipsi zinavutika kama mpira. Basi anatangaza kwamba mkate na chipsi haviendani.

Haviendani kwa sababu mpishi hakujiuliza mvuke utatokea wapi. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Chipsi inayotoka kwenye karai imekauka ngozi tu. Ndani bado kuna maji ya moto yanayotafuta njia. Ukiifungia papo hapo, njia pekee iliyobaki ni mkate. Kwa hiyo ule ukavu tunaousifia chipsi zikiwa sahanini hauna kazi hapa, haudumu hata dakika tano. Chipsi ya kwenye mkate iwe nene, iwe laini, iwe imeiva mpaka katikati, na iwe na uchachu wa siki. Narudia kwa sababu watu hawasikii: uchachu.

Waulize watu wa Cape Town. Mwaka 1976, mtaa wa Athlone, Rashaad Pandy wa duka la samaki na chipsi la Super Fisheries alikuwa na vibarua wa kuwalisha. Akachukua alichokuwa nacho: mkate wa duara wa Kireno, chipsi, poloni (soseji nene ya kukatwa slesi) na achari. Huo ndio mwanzo wa sandwichi iitwayo gatsby. Baadaye wakahamia mkate mrefu kwa kuwa unakatika vizuri vipande vinne vya kugawana. Gatsby nzima kwa mtu mmoja si ushujaa, ni ulafi. Kile ni chakula cha watu wanne. Na chipsi zake zina jina, "slap", neno la Kiafrikana lenye maana ya legevu. Zimelegezwa makusudi, mpishi hajakosea.

Zinafanywa hivi. Kata viazi unene wa kidole, milimita 12 hadi 15. Loweka kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, la sivyo zitagandana kwenye karai. Futa kwa kitambaa mpaka zikauke. Mafuta yawe ya moto wa kati, nyuzi 150 hadi 160. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja, kikizungukwa na mapovu madogo yasiyopiga kelele umepata. Kikianza kurusha cheche na kubadilika rangi ndani ya dakika moja, punguza mkaa. Kaanga dakika 8 hadi 10 bila kulijaza karai, kwa sababu viazi vingi kwa mpigo hushusha moto na chipsi zinabaki kunywa mafuta. Zitoe zikiwa na rangi ya njano iliyokolea kidogo tu, zichuje, tia chumvi, kisha siki vijiko viwili vya mezani kwa kila nusu kilo ya viazi. Sasa lile ambalo mafundi wa chipsi kavu watanitukania: funika bakuli dakika mbili. Siki inazama ndani ya kiazi, na ngozi inalegea. Halafu funua dakika nyingine moja, ukitikisa, mvuke uende zake huko hewani kabla hujagusa mkate.

Viazi vya friji usivitumie. Baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na chipsi zitakuwa kahawia na chungu kabla moyo haujaiva. Walio Kenya wana shangi sokoni, aina ya kiazi, inaiva upesi na kulainika, inafaa sana kazi hii, ila isikae ndani muda mrefu maana huchipua upesi.

Pittsburgh wao uchachu wameuweka kwenye kabeji. Mgahawa wa Primanti ulianza mwaka 1933 katika Strip District, mtaa wa masoko na maghala, wakiwalisha madereva wa malori. Masimulizi yao wenyewe ni kwamba dereva mmoja alileta viazi akitaka kujua kama vimeharibika, vikakaangwa, na waliokuwepo wakavitaka. Iwe kweli iwe chuku, kinachoingia mle mpaka leo ni nyama, jibini, nyanya, chipsi na kabeji ya siki isiyo na tone la mayonezi, kwenye vipande vinene vya mkate wa Kiitaliano. Wanaoiga huanza kukosea hapohapo, wanaweka ile saladi nyeupe ya mayonezi. Mafuta juu ya mafuta! Huo wanga mnaoupigia kelele hauna kosa.

Kabeji yenyewe ni rahisi: robo kilo iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari, chumvi nusu kijiko cha chai, iache dakika 20, ikamue kwa mikono miwili mpaka maji yaishe. Ndipo utie siki vijiko vitatu vya mezani, sukari kijiko kimoja cha chai na pilipili manga. Ukiruka kukamua, maji yatatoka baadaye, yakiwa yameshaingia kwenye mkate.

Waingereza wa kaskazini hawana mambo mengi: mkate mweupe, siagi, chipsi, siki. Ila tazama siagi inavyopakwa, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu mafuta huzuia maji yasipenye. Wabelgiji wanachukua nusu ya mkate mrefu, nyama, chipsi na sosi, wakaiita mitraillette, yaani bunduki ya rashasha. Wagiriki wanazitia kwenye pita ya gyros, mkate bapa uliofungwa nyama ya kubanikwa. Soweto wana kota, robo ya mkate iliyochimbwa katikati ikajazwa chipsi na achari. Na walio na ndugu Maskati wanajua kwamba shawarma ya kuku mara nyingi huja na chipsi zake humohumo, pamoja na kachumbari za siki. Uchachu tena.

Sasa turudi Dar, kwa anayedhani haya ni mambo ya ughaibuni. Zege ni nini? Ni chipsi zilizofungwa ndani ya kitu laini, ila badala ya mkate ni yai. Mayai mawili kwa sahani moja ya chipsi, kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango, chipsi zipate moto kwanza nusu dakika, ndipo yai limwagwe. Kwenye mabanda mengi linaharibikia kabatini: chipsi zimelala nyuma ya kioo tangu saa kumi, zimepoa, zinamwagiwa yai moja kwa moja, yai linaiva nje huku chipsi za katikati ni baridi kama maiti. Mafuta yakizidi, yai linavimba na kuyanywa yote. Geuza kwa sahani, usigeuze kwa kijiko, na mwambie muuzaji asitie kachumbari mpaka aikamulie ndimu. Kachumbari ya zege isiyo na ndimu ni nyanya tu zimekuja kutembea.

Zege hilohilo ndilo linalofaa kuingia kwenye mkate. Tafuta boflo la asubuhi, lenye ngozi ngumu kidogo na ndani laini, si slesi zenye sukari. Lipasue kwa urefu bila kulitenganisha, paka siagi pande zote mbili mpaka pembeni, weka zege lililokatwa katikati, kachumbari iliyochujwa juu, pilipili kwenye zege na si kwenye mkate. Gandamiza kwa kiganja, hesabu mpaka kumi. Chipsi zikimwagika ubavuni umezidisha. Boflo moja halibebi zaidi ya chipsi za kiazi kimoja na nusu.

Mayonezi, kwa anayeng'ang'ania, kijiko cha chai. Kimoja.

Foili iache kabisa. Karatasi ya kaki inapumua, na hata hiyo inakupa kama robo saa. Safari ikizidi hapo, beba boflo mbali, zege mbali, ukayakutanishe ukifika.