Jani Lililotembea Kwenye Sharubu za Mjomba

Majani ya mayungiyungi kwenye kibwawa changu yalikuwa yakitobolewa matundu ya umbo la yai, kingo safi kana kwamba mtu kapita na mkasi. Lawama zote ziliwaangukia samaki, maskini. Kumbe mkataji alikuwa kiwavi wa nondo, wa kundi liitwalo Acentropinae, ambao watoto wao hukulia majini.

Kiwavi huyu hukata vipande viwili vya jani, akavishona pamoja kwa uzi wa hariri autoao mwenyewe kinywani, kisha akajitia katikati. Akiwa mchanga koti lake hujaa maji, naye hupumua kwa ngozi. Akishakua, hulijaza hewa, akakaa mkavu humo huku amezungukwa na maji pande zote. Sisi tunanunua mabati na bado tunavujiwa.

Nilitaka kumwona akishona. Nikatia viwavi wanne kwenye glasi ya maji pamoja na jani la kukata, nikaiweka mezani, nikaenda kutafuta miwani.

Huku nyuma Mjomba akaingia na kiu yake. Na Mjomba akiona jani ndani ya maji, kwake hiyo ni dawa ya presha. Niliporudi, glasi ilikuwa nusu.

“Mjomba, humu mmetia jani gani?” akaniuliza, akijilamba. “Nasikia mwili umeanza kuchangamka.”

Jibu lilikuwa limenasa kwenye sharubu zake, upande wa kushoto. Kipande cha jani, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimetulia tuli. Mara ncha yake ikachomoza kichwa cha hudhurungi, vijiguu sita vikashika unywele, na jani zima likaanza safari ya kuelekea puani.

Mjomba akajipapasa. Jani likahamia kidoleni. Sijawahi kumsikia mzee wa heshima zake akimwita marehemu mama yake kwa sauti ile.

Nikaona nimtulize kwa elimu. “Hawa wanakula mimea ya majini tu, Mjomba. Tena Ulaya kuna jamaa yao, Acentria ephemerella, majike wengi hata mabawa ya kurukia hawana, wanaishi humo humo majini…”

“Habari za majike nimekuuliza?” Alikuwa ameishika glasi kwa mikono miwili. “Humu walikuwa wangapi?”

Tukachungulia pamoja. Wawili walikuwa bado glasini. Wa kidoleni alikuwa sasa anajikokota mezani na koti lake.

“Watatu, Mjomba,” nikasema. “Watatu tu.”