Kijana anayechora Tyrannosaurus rex amwige mamba, kenge au kuku?

Mchoraji chipukizi akiambiwa achore Tyrannosaurus rex (T. rex), dinosaria mkubwa mla nyama, mara nyingi anachora mamba aliyesimama kwa miguu miwili: meno nje, mgongo wa magamba magumu, rangi ya kijani. Wapo wanaoitetea njia hiyo, na hoja yao ina uzito. Dinosaria hatumwoni, mamba tunamwona, na mkono hujifunza vizuri zaidi kutoka kwa kiumbe hai. Wengine wanaikataa kabisa. Wanasema dinosaria walao nyama ndio ukoo uliozaa ndege, hivyo kijana aachane na mamba akamtazame kuku.

Kwa maoni yangu, kosa la pande zote mbili ni kutaka mnyama mmoja atoshe.

Kwenye miguu, kuku anashinda. Kenge hutambaa miguu ikiwa imetanuka pembeni. T. rex, aliyeishi Amerika Kaskazini hadi miaka milioni 66 hivi iliyopita, alikuwa na miguu iliyosimama wima chini ya nyonga, akikanyagia vidole vitatu, kisigino kikiwa juu. Mkia haukuburuzwa, uliinuliwa nyuma kusawazisha kile kichwa kizito.

Lakini ukifika kwenye mkia wenyewe, kuku hana la kukufundisha. Mamba anao msuli mnene unaotoka mkiani na kujishikiza kwenye paja, ukilivuta nyuma anapopiga hatua. T. rex naye alikuwa nao, tena mkubwa. Vijana wengi huchora shina la mkia jembamba mno, na mnyama anaonekana hana nguvu ya kutembea.

Ngozi inahitaji tahadhari. Mabaki ya ngozi ya T. rex yaliyochapishwa mwaka 2017, kutoka shingoni, nyongani na mkiani, yanaonyesha magamba madogo sana kwa mnyama wa mita 12. Mabamba ya mifupa ya mgongoni mwa mamba hayajapatikana kwake. Ukiyachora, unambandikia silaha ya mnyama mwingine.

Ubishi mkali uko mdomoni. Mtazame mamba wa Mto Naili akiwa amefumba kinywa: meno yanaonekana, hata jino la nne la taya la chini limejitokeza pembeni. Kenge akifumba, huoni jino hata moja. Midomo imefunika yote. T. rex alifanana na nani? Mwaka 2017 watafiti waliochunguza mifupa ya uso ya ndugu yake Daspletosaurus walisema ilikuwa ya kukwaruza kama ile ya mamba, ishara ya uso wa magamba bapa usio na midomo. Mwaka 2023 wengine wakaja na ushahidi wa meno. Jino la mamba linalokaa nje hukauka, na enameli yake, yaani tabaka gumu linalofunika jino, huchakaa upande wa nje. Jino la Daspletosaurus walilolipasua halikuwa na uchakavu huo. Walipima pia ukubwa wa meno kwa kulinganisha na fuvu, wakaona hayakuwa makubwa mno kufunikwa, kwani wapo kenge wenye meno makubwa kwa kiasi hicho na bado yanafichika.

Mimi naegemea kwa kenge. Dalili za kwenye mfupa zinaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja, ilhali jino linabeba alama ya mazingira lililoishi. Halafu kuna jambo ambalo mchoraji anayenakili fuvu la makumbusho hulisahau: mnyama akifa na nyama kuoza, meno huteleza nje ya matundu yake, yakaonekana marefu kuliko yalivyokuwa. Kwa hiyo kijana amchore kwanza T. rex aliyefumba kinywa, midomo ikiwa imefunika meno. Akitaka kumwachamisha baadaye, aache ufizi ufunike mashina ya meno, na ncha tu ndizo zijitokeze.