Nimeuziwa Will Smith siye

Wakuu, nyie mliozoea fantasi ya EPL, ule mchezo wa kujipangia timu ya wachezaji wa kweli na wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi, mnaijua raha yake, wewe una Haaland, jirani ana Haaland, na yule dogo anayekumbuka timu yake mara moja kwa mwezi naye ana Haaland, hamna kugombana. Sasa huku Marekani kazini kwetu wanacheza ya besiboli, tena kwa mnada. Kila mtu anapewa dola 260 za kwenye makaratasi anunue wachezaji 23, na mchezaji akishauzwa ndo kauzwa, hamna mwingine atakayempata. Hela za kweli ni za kiingilio tu, ambazo waifu mpaka leo anajua zilienda kwenye tairi.

Hii kitu waliianzisha waandishi fulani kule New York 1980, wakaipa jina la mgahawa waliokuwa wanakutana kula. Yaani watu wameshiba wakatutafutia balaa.

Machi 2024 bosi wa shifti akanialika maana kuna mtu kajitoa. Nikamwambia besiboli naielewa nusunusu ila mnada naujua, mjomba alikuwa dalali wa ng'ombe pale Pugu na utotoni nilimganda kama kupe. Mjomba alikuwa na somo moja tu, ng'ombe unayemtaka usimtazame, taja usiyemtaka, wapandishie watu bei hela ziwaishe, halafu mchukue wako kwa amani. Nikaja kukuta hata wataalamu wa fantasi wanafundisha hivyohivyo, bana, nikaona ubingwa huu hapa.

Mwanzoni ilikuwa burudani tupu. Nataja staa nisiyemtaka, wanarukiana, mimi natia dola moja moja katikati wanazidi kupanda. Akaja Ronald Acuña wa Atlanta. Huyu 2023 alipiga homurani 41, yaani mpira unatoka nje ya uwanja na mpigaji anazunguka vituo vyote, na kuiba besi 73, yaani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Hamna mwingine aliyewahi kufikisha 40 na 70 msimu mmoja. Mimi simtaki, bei yake inakula timu nzima, ila jamaa wa foklifti macho yalikuwa yamemtoka nikasema huyu ngoja nimnyooshe. Yeye 50, mimi 51, yeye 52, mimi 53 huku nacheka kimoyomoyo. Jamaa akanyanyuka akaenda jikoni kuchukua mabawa ya kuku. Mara ya kwanza, mara ya pili... nikamfuata hukohuko, kaka hujasikia, iko 53! Akasema kasikia.

Sa kuna sheria moja, lazima ubakize dola moja kwa kila nafasi iliyo wazi. Na mimi kwa kupaniki niliendelea kuwapandishia watu bei, wakabaki wengine wawili mikononi mwangu, hivyo kufika katikati nina nafasi 9 na dola 11, maana yake hata nijikamue vipi bei yangu ya juu ni dola 3. Watu wananunua huku wananitazama kwa huruma. Na sina mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, na wadakaji wazuri ni wachache.

Kuchungulia listi ya waliobaki, Will Smith! Sisemi yule wa kibao cha Oscar, nasema mdakaji wa Dodgers, timu ya Los Angeles. Nikataja dola 2 kwa sauti ya kinyonge kusudi wasishtuke. Kimya. Nikajua hawa wamelewa. Bosi akagonga meza, kauzwa, ndo chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Kumbe wako wawili! Wa Dodgers aliuzwa nikiwa chooni, wangu alikuwa mrushaji wa Kansas City, yule anayemrushia mpigaji mpira, tena ana miaka 34. Jamaa wa foklifti akaja kunifariji, eti huyo si mchezo, kabeba ubingwa mara tatu mfululizo na timu tatu tofauti, Atlanta 2021, Houston 2022, Texas 2023. Nikaanza kupata nguvu. Akaongeza kwamba Oktoba 2020 hao Will Smith walishakutana kwenye mechi za mchujo, wa Dodgers kashika gongo, wangu anarusha. Nikauliza ikawaje? Homurani, ya pointi tatu.

Nikabaki na Acuña. Mei 26 ilikuwa Jumapili, niko ibada ya Waswahili hapa Minneapolis, saa saba kasoro simu ikaanza kutetema haiachi, kila mtu wa kazini anaandika pole, pole sana. Acuña kule Pittsburgh alikuwa anataka kuiba besi ya tatu, goti likaachia hata hajaguswa. Nikashika kichwa. Mama Mchungaji akanisogelea, "Mwanangu, nyumbani kwema? Nani katutoka?" Mimi kwa kuchanganyikiwa nikasema Acuña. Akauliza ni wa upande wa mama au wa baba, na kabla sijafungua mdomo maiki ilishafika mkononi mwake, kanisa zima likasimama kuiombea familia ya Akunya. Kikapu cha rambirambi kikaanza kupita. Kilipofika kwangu watu wote wananitazama, nikatoa dola 5.