Kirutubisho hakifuti mafuta yaliyozidi
Nimesoma makala yanayosifu virutubisho vya nyongeza, kama kolini na vitamini E, kana kwamba vinaondoa madhara yote ya chakula chenye mafuta mengi kwa samaki wa kufugwa, nami siafiki. Ni kweli kwamba samaki huyatumia mafuta kupata nguvu, protini ikabaki ya kujenga mwili. Lakini yakizidi hurundikana kwenye ini na kuzunguka utumbo, na ini lililoelemewa hudhoofisha afya ya samaki mzima. Kolini, kirutubisho kinachofanana na vitamini, husaidia kuyatoa mafuta kwenye ini, na vitamini E huyakinga yasiharibiwe na oksijeni, ila chakula kilichochacha ghalani huimaliza vitamini hiyo mapema. Mfugaji aanze kwa kupima kiasi cha mafuta, hasa kwa perege, ambaye huhitaji machache kuliko samoni.