Jozi 24 za sokwe, 23 zetu
Mdau hapo juu unauliza, kama sisi na sokwe ni ukoo mmoja, mbona wale wa Hifadhi ya Gombe, Kigoma, hawageuki watu? Kaka, sokwe si babu yetu, ni binamu. Yeye ana jozi 24 za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), sisi 23. Hiyo moja haikupotea: kromosomu yetu ya 2 ni mbili zilizoungana, na mabaki ya ncha za zamani yako katikati, kama kitenge kilichoungwa. Mimi nauza dagaa Kibirizi, boti za Gombe naziona zikiondoka. Kule watafiti huokota kinyesi cha sokwe (kazi hiyo!), wakapima vinasaba na kumjua baba wa mtoto. Kwenye kesi za matunzo kipimo hicho mnakikubali, kikisema sokwe ni ndugu yetu mnanuna.