Yadi 12 za Bafta

Mwanangu wa kwanza alikuja Tanga sikukuu ya Idi, akataka kuona chumba changu cha nyuma. Mlango ukafunguka nusu, ukagoma. Akausukuma kwa bega. Ndani kikaanguka kitu, kikafuata kingine, kisha vifungo vikaanza kumwagika. Na vifungo vikianza kumwagika havina haraka ya kumaliza. Tulisimama kimya tukavisikiliza mpaka cha mwisho.

"Mama," akasema, "hiki si chumba. Hili ni ghala."

Mie nimeshona miaka 44. Watu wa rika langu watanielewa: fundi aliyepitia mwanzoni mwa miaka ya 80 hatupi uzi. Kitambaa kilikuwa cha foleni. Unaamka alfajiri, unaliweka jiwe lako kwenye mstari likushikie nafasi, na zamu yako inapofika kimebaki cha pazia tu. Basi mwaka huo mtaa mzima mnavaa pazia. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, 1983, nilikuwa na boksi zima la nyuzi nyeusi uvunguni. Nililala juu yake usiku kucha nikitetemeka kama niliyeficha bunduki. Baadaye akaja Mzee Mwinyi na ruksa yake, maduka yakajaa, lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Nikiona zipu, nanunua. Nguo yake itakuja mbele ya safari.

Mwanangu alitaka chumba kigeuzwe choo cha ndani, nisiwe natoka uani usiku na magoti haya. Siwezi kumlaumu. Lakini akanitaka pia niape kwamba sitanunua kitambaa tena. Nikaapa. Wallahi, hata robo yadi.

Kazi nikaianza na mjukuu wangu, yuko kidato cha pili. Tukachukua salfeti tatu, nikaziandika kwa chaki: B ya kubaki, G ya kugawa, T ya kutupa. Mikasi ilitoka 11, inayokata 2. Zilitoka zipu za chuma za enzi za Kaunda suti, mjukuu akaniuliza kama ni za meli. Kopo la bluu la biskuti alilifungua kwa matumaini makubwa, akakuta vishikizo. Akafungua la pili, akakuta sindano. La tatu hakuligusa. Kulikuwa na miyaa niliyoinunua nisuke mkeka mwaka aliozaliwa mama yake. Panya walishajifunzia kusuka wao.

Chini kabisa tukakuta foronya nyeupe, imedariziwa maua ya waridi pembe zote nne, na katikati imeandikwa kwa uzi mwekundu: USIKU MWE.

"Bibi, usiku mwe ndiyo nini?"

"Ndipo nilipofika bwana harusi alipokimbilia Mombasa."

Hiyo niliitia kwenye B. Sikuwa na sababu, ila kazi ile ya waridi ilinichukua wiki mbili na sikulipwa. Nikatia na mkasi wa marehemu mama. Mwisho nikaenda kwenye kasha langu la chumbani, nikatoa bafta yangu, yadi 12, niliyoiweka kwa ajili ya shughuli yangu mwenyewe. Nikaona heri vitu vya kubaki vikae pamoja.

Mkiona mwanamke wa pwani mwenye miaka 71 anasema "shughuli yangu mwenyewe", msimuulize atavaa nini.

Sasa, fundi mzima mie, miaka 44 kazini, nilisahau kwamba chaki ya fundi imeumbwa ifutike. Salfeti zilipokokotwa hadi ukumbini herufi zote zikabaki sakafuni. Mjukuu, mtoto mwenye adabu, hakutaka kuniamsha usingizini. Akachungulia ndani, akakisia, akaziandika upya kwa kalamu ya wino mzito isiyofutika hata kwa petroli.

Jioni akapita binti wa jirani, ameanza kazi ya kupamba kumbi. Nikamwambia, "Chukua hiyo G, mwanangu, ikufae." Akanishukuru mpaka getini. Niliingia kulala nikijiona mwepesi kama nimetoka hija.

Wiki mbili baadaye tukaalikwa harusi mtaa wa pili. Nikavaa, nikajitia udi, nikakaa mstari wa mbele na shoga yangu, maana yeye hasikii vizuri na mie sioni vizuri, tukikaa pamoja tunapata mtu mmoja kamili. Taarabu inapigwa. Steji imepambwa, nguo nyeupe imeshuka kutoka juu kwa mikunjo, imezunguka kochi la bibi harusi, imefungwa na utepe wa dhahabu. Kama fundi nikasema, huyu binti ana mkono.

Kisha ikaja harufu.

Haikuja kwa nguvu. Ilipenya katikati ya udi na pilau. Mama mmoja nyuma yangu akanusa, akageuka huku, akanusa tena. Bibi mmoja akajitazama mwenyewe. Shoga yangu hasikii, lakini pua yake nzima.

"Hii karafuu maiti," akasema, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. Waliokuwa karibu wakanyamaza. "Nani kafa?"

Nikajiambia wapambaji hawa wa siku hizi wanatunza nguo zao vizuri. Mie ya kwangu pia niliiwekea karafuu maiti, kila mwaka tangu niinunue, mende wasiiguse. Nikasogea steji nikajifanya natazama maua. Nikashika pindo. Bafta nzuri, nzito. Nikaufuata ukingo kwa kidole mpaka pembeni, na kidole kikasimama juu ya herufi mbili ndogo za uzi mwekundu. Za jina langu. Nilizitia kwa mkono wangu, ili wanangu wasije siku moja wakaigeuza pazia.

Vigelegele vikapigwa. Bibi harusi akaingia, mzuri, machozi yanamlengalenga, akaketishwa katikati ya sanda yangu.

Nilirudi kitini miguu haina mifupa. Nikamwambia shoga yangu sikioni. Akaniambia rudia. Nikarudia. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, watu wakadhani ni furaha ya harusi, nao wakapiga vigelegele vingine.

Baada ya keki nikamnasa mpambaji jikoni. "Mwanangu, ile nguo nyeupe umeipata wapi?"

"Bibi! Si wewe ulinipa kwenye salfeti? Imenitoa kweli kweli. Mungu akupe umri mrefu."

"Amina," nikasema. Ningesema nini?

Nikamweleza polepole. Alikaa juu ya ndoo. Alipopata sauti akaomba radhi, akasema ataifua na kuirudisha, ila ameshapokea advansi za shughuli nne: harusi tatu na kichen pati moja, na wote wameiona picha ya steji wakasema wanataka ile ile. Mwisho tarehe 28. "Bibi, utaweza kungoja?"

Shoga yangu akasema ninunue nyingine, bafta si ghali. Nikamkumbusha yamini niliyoapa. Akanitazama kwa muda. "Kwa hiyo hufi mpaka tarehe 28."

"Sifi."

Tukayamaliza hivyo. Nyumbani nilimkuta mjukuu amelalia foronya ya waridi, USIKU MWE chini ya shavu lake; alikuwa ameiona alipochungulia salfeti ile aliyoiandika G, akaionea huruma, akaitoa. Mkasi wa mama nao aliuokoa humo humo.

Juzi nimepatwa na mafua, kifua kimebana, nikalala siku mbili. Shoga yangu akaja na uji wa pilipili manga, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika paji la uso. Nikakohoa. Akainama karibu na sikio langu.

"Vumilia, shoga," akasema. "Iko Muheza mpaka Jumatatu."