Almasi tatu na kabati la nguo

Tanzania, Fuso, lori la Mitsubishi ya Japani, si jina la kampuni tena. Ni kipimo cha mzigo. Mkulima wa viazi wa Njombe atakwambia mwaka huu amepeleka sokoni "Fuso mbili", na wala hajali kama moja kati ya hizo ni Isuzu. Kuna Fuso, kuna Fuso tandam, na chini yake kuna Kenta, ambayo nayo ni Canter ya Mitsubishi iliyokwisha kuzaliwa upya kwa Kiswahili. Jina likifika hapo halihitaji tena bango la barabarani.

Kwa Mjapani aliyekuwa akisoma magazeti kati ya mwaka 2000 na 2004, Mitsubishi lilikuwa jina la jambo jingine kabisa: polisi, mahakama, na mama aliyeuawa na tairi. Kampuni ileile, miaka ileile, na sehemu ya malori yaleyale. Kwa nini jina moja lisifiwe huku na liaibike kule? Majibu mepesi yapo. La kwanza linasema Wajapani wanadeka, gari likitoa mlio kidogo wanapiga kelele. La pili linasema sisi huku tunapenda chochote kinachowaka injini. Yote mawili nayakataa, ingawa la pili limenifanya nicheke.

Tuanze na nyumba yenyewe. Iwasaki Yataro alianza na meli, mwaka 1870. Nembo yake iliunganisha alama ya ukoo wake na ile ya watawala wa Tosa alikotoka, ndipo tukapata zile almasi tatu tunazoziona kwenye grili. Magari yalikuja baadaye sana, na yalikuja kama kazi ya pembeni: mwaka 1917 kiwanda cha meli kilitengeneza Model A, gari lililoiga Fiat, na hadi wanaacha kulitengeneza yalikuwa yametoka 22 tu. Basi la kwanza lenye jina la Fuso lilitoka mwaka 1932. Vita vikaifanya Mitsubishi kuwa mtengenezaji wa ndege ya kivita ya Zero. Baada ya vita Wamarekani wakaivunja himaya hiyo vipandevipande, kisha vipande vikarudiana. Mwaka 1970 ndipo idara ya magari ilipotoka na kusimama kama kampuni, Mitsubishi Motors, na mwaka uliofuata Chrysler ya Marekani ikachukua asilimia 15 ya hisa.

Historia hiyo naipitia haraka kwa sababu kinachonivutia ni kitu kimoja ndani yake. Honda ilianzishwa na fundi aliyekuwa akifunga injini ndogo kwenye baiskeli. Mteja asiporidhika, hakuna chakula. Mitsubishi Motors ni mtoto wa nyumba kubwa. Ana ndugu mwenye benki, ndugu mwenye viwanda vizito, ndugu mwenye kampuni ya biashara inayonunua na kuuza kila kitu duniani. Mtoto wa aina hiyo hulelewa akijua mambo mawili: kwamba kuaibisha jina la ukoo ni dhambi kubwa, na kwamba akikwama yuko wa kumlipia deni. Ushahidi wa yote mawili ulikuja kuonekana.

Julai 2000, wakaguzi wa Wizara ya Uchukuzi ya Japani waliingia makao makuu ya kampuni Tokyo baada ya mtu asiyejitaja kuwatonya. Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa katika chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo, ndani ya kabati: malalamiko ya wateja ambayo serikali haikutakiwa kuyaona. Kumbe kampuni ilikuwa na mafungu mawili ya karatasi, la kuonyesha na la kuficha, na mtindo huo ulikuwa umeanza mwaka 1977. Kwa miaka zaidi ya 20, gari lenye kasoro likija sevisi, kifaa kilibadilishwa kimyakimya na mwenye gari akakabidhiwa funguo zake bila kuambiwa kitu. Jirani yake mwenye gari kama lile, ambaye sevisi yake bado, akaendelea kulipanda na kasoro ndani. Rais wa kampuni, Katsuhiko Kawasoe, akainama mbele ya kamera, akajiuzulu. DaimlerChrysler ya Ujerumani, iliyokuwa imeingia na hisa asilimia 34 mwaka huohuo, ikasema itasafisha nyumba.

Haikusafishwa. Januari 10, 2002, mjini Yokohama, tairi la lori la Mitsubishi lilichomoka likabingirika hadi kando ya barabara, likamuua mama wa miaka 29 aliyekuwa akitembea na wanawe wawili wadogo. Watoto waliumia lakini walinusurika. Kilichokuwa kimepasuka ni habu, kile chuma kinacholishika tairi kwenye ekseli. Siku tatu baadaye, Januari 13, Hiroshi Masuoka alifika Dakar, Senegal, akiwa mshindi wa mbio ndefu za magari za Dakar, ndani ya Pajero ya Mitsubishi. Nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja makusudi. Hazina uhusiano wa sababu na matokeo, ila zinaonyesha kwamba mkono uliojua kutengeneza chuma cha kuvuka Sahara haukuwa umepoteza ujuzi wowote. Ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

Na hapa pana neno ambalo kila mwenye lori Afrika Mashariki atalitambua. Kampuni ilipoulizwa kuhusu ile habu, ilijibu kwamba tatizo ni matunzo: mwenye lori hakulihudumia vizuri, chuma kikalika. Ni jibu tamu. Halipingiki kirahisi, maana hakuna lori duniani lililotunzwa kama kitabu kinavyoagiza. Wenye malori wa Japani waliambiwa kosa ni lao kwa miaka miwili, mpaka Machi 2004 kampuni ilipokiri kuwa habu ilikuwa na kasoro tangu kwenye usanifu. Mwezi Oktoba 2002 dereva mwingine alikuwa amekufa mkoani Yamaguchi: kasha la klachi lilipasuka, propela shafti ikaanguka na kukata mabomba ya breki. Kasoro hiyo nayo ilijulikana ndani ya kampuni na haikutolewa hadharani hata katika ule usafi wa mwaka 2000. Kawasoe alikamatwa mwaka 2004. Mahakama ya Yokohama ikamtia hatiani mwaka 2008, ingawa kifungo chake kilisimamishwa.

Waliokuwa na fedha wakachoka. Aprili 2004 DaimlerChrysler ilikataa kuongeza hata senti kwa upande wa magari madogo, na wengi wakadhani huo ndio mwisho. Ndugu wa ukoo wakakutana, benki, viwanda vizito na kampuni ya biashara, wakachanga. Mtoto akalipiwa. Malori, yaliyokwisha kutengwa mwaka 2003 kuwa kampuni ya Mitsubishi Fuso, yalibaki mikononi mwa Wajerumani.

Sasa upande wa utetezi, na usidhani ni mdogo.

Kwanza, uhandisi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mwaka 1974 na tena 1976 akiendesha Lancer, gari dogo ambalo mtu angelidharau limesimama kando ya Peugeot na Porsche za enzi hizo. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Safari ya wakati ule haikuwa mashindano ya kasi peke yake. Ilikuwa kesi ya chuma dhidi ya mashimo, matope na ng'ombe wanaovuka barabara. Mitsubishi ilikuja kushinda tena mwaka 1996, 1998 na 2001. Ongeza ushindi mara 12 wa Dakar, saba kati ya hizo mfululizo kuanzia 2001 hadi 2007. Mtu anaweza kusema gari la mashindano si gari la dukani, na ana hoja. Lakini Pajero iliyokuwa ikipanda milima na maofisa wa miradi wakati mashindano hayo yanaendelea haikuhitaji kombe ili iaminike. Ilirudi mjini kila Ijumaa.

Pili, kuna swali la haki. Je, Mitsubishi ilikuwa mbaya kuliko wenzake, au ilikamatwa mapema tu? Mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kumaliza uchunguzi wa jinai nchini Marekani, ikikiri kuwa iliwapotosha wateja kuhusu magari yaliyokuwa yakijiongezea kasi. Mwaka 2022 Hino ikakiri kughushi data za moshi wa injini. Mwaka 2023 ikaonekana Daihatsu ilikuwa imechezea majaribio ya usalama, kesi ya zamani zaidi ikirudi hadi 1989. Ukiiweka Mitsubishi kwenye foleni hiyo, haionekani kuwa kondoo mweusi peke yake zizini. Hoja hii nimeisikia kwa watu wenye akili zao, na kwa muda nilikuwa karibu kukubaliana nayo.

Kilichonitoa huko ni mwaka 2016. Kampuni iliyokwisha kuinama mara mbili mbele ya taifa zima ilikiri tena, Aprili mwaka huo, kwamba ilitia chumvi takwimu za ulaji wa mafuta kwa magari madogo 625,000, mengi yakiwa ni yale iliyokuwa ikiitengenezea Nissan. Nissan ndiyo iliyogundua, baada ya kuyapima magari yenyewe. Halafu ikabainika kwamba njia isiyo halali ya kupima ilikuwa ikitumika tangu mwaka 1991. Yaani ilipita katikati ya kashfa ya 2000 na ya 2004, ikiwa imekaa pale pale mezani, bila mtu kunyanyua mkono. Mwenzako anaweza kukosea kama wewe. Lakini huyu alikwisha kulia, akaahidi, akasaidiwa, na muda wote huo kosa lingine lilikuwa mfukoni. Hapo siwezi tena kuzungumzia bahati mbaya ya kukamatwa. Na kumbuka: safari hii pia alipatikana wa kulipa. Nissan ilinunua asilimia 34 ya hisa kwa yen bilioni 237.

Basi sifa ya Fuso huku kwetu ni ya uongo? Hapana, ila nadhani tunaielezea vibaya. Tunasema "Fuso haifi". Fuso inakufa sana. Inakufa Kitonga, inakufa Sekenke, inakufa usiku na utingo anakaa chini ya turubai kulinda mzigo. Tofauti ni kwamba kila fundi kati ya Tunduma na Mwanza anaijua inapougua. Gereji ikifungua injini, watu watano wasiohusika huinama kuangalia. Jioni hiyohiyo habari zimefika kwa madereva kituoni: hiyo injini ukisikia mlio fulani simama, ule mfululizo wa mwaka fulani usiununue, spea ya kopi ya kifaa kile usiiguse. Hakuna mafungu mawili ya karatasi. Karatasi yenyewe haipo. Kasoro inatangazwa kwa sauti, mbele ya mwenye gari, mara nyingi na matusi.

Yaani sifa ile ilijengwa na chuma kizuri, ndiyo, lakini pia na mafundi wetu kufanya bila malipo kazi ambayo kule Tokyo ilifungiwa kabatini. Sitaki kuwapamba mno. Fundi huyohuyo atakukatia spring za ziada ujaze lumbesa, na mizani ukaipite usiku kwa njia zako. Habu iliyopasuka baada ya hapo itaitwa mkosi au mkono wa mtu. Hapa lile jibu la "matunzo mabaya" lina ukweli, na ndiyo maana ni hatari: likiwa kweli mara nyingi, siku moja litatumika kuficha kasoro ya kiwandani na hakuna atakayebisha. Japani walikuwa na polisi waliolifuata hadi kwenye michoro. Sisi ajali ikitokea tunaandika "mwendokasi" na faili linafungwa.

Mitsubishi ya leo inauza magari machache. Pajero ilizikwa, kiwanda chake cha Gifu kilifungwa mwaka 2021. Ilikuwa mbele kwa magari ya umeme na i-MiEV mwaka 2009, na Outlander ya kuchaji kwa waya mwaka 2013, halafu wengine wakaipita. Ningemshauri mtu anunue? Kenta, ndiyo, kesho asubuhi, akiwa na fundi wake. Takwimu walizoandika wenyewe kwenye karatasi ningezisoma mara mbili.

Na kuna jambo moja ambalo kwenye yadi za magari hatuulizi. Kampuni ya Kijapani ikiita magari kwa marekebisho, barua huenda kwa mtu aliyesajiliwa kama mmiliki. Gari likishafutiwa usajili na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Chukua Fuso kubwa iliyosajiliwa Osaka mwaka 1994, ikauzwa nje mwaka 2003. Mwaka 2004 kampuni inakiri kasoro ya habu na kuanza kuwatafuta wenye malori. Anwani iliyo kwenye kumbukumbu ni ya Osaka. Lori lenyewe wakati huo liko Makambako, linapakia viazi.